Kichana Alichoniomba Mama

Kitu cha kwanza Mama aliniomba baada ya kuhamia Kakuma kilikuwa kichana changu. Kichana chekundu cha plastiki, meno marefu, nilikuwa nimekinunua soko ya Lodwar na pesa ya kuuza eng'ol, yale matunda ya mkoma ambayo ukianza kutafuna huachi mpaka taya ziume. Alikuwa amekuja nyumbani Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa, akakaa kwa mkeka karibu na Ata, nyanya yangu, akaangalia kichwa changu, akasema, "Nipe hiyo kichana."

Hakusema nikopeshe. Hakusema tafadhali. Nipe, basi. Nikakitoa nikampa. Jumapili akarudi kazini na kichana changu kimesimama kwa nywele zake kama bendera ya chifu, na mimi nikabaki hapa Nawoitorong, kando ya Lodwar, nikichana nywele na uma.

Wiki zingine za likizo aliomba kingine. Ndara. Leso yangu yenye maua ya manjano. Kalamu nzuri. Sweta ya shule, na Kakuma ni jua tupu, sijui sweta alitaka ya nini. Kila mara nilisema "chukua" kabla hajamaliza kusema, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana, na kwa sababu Jumamosi ni fupi. Kisha alipanda gari, vumbi ikatulia, nikakaa mlangoni nikihesabu vitu ambavyo sina tena. Nilikuwa nafikiri: huyu mama anachukua kila kitu changu isipokuwa mimi.

Wacha niseme kwa nini alihama, ili nimalize hiyo sehemu. Baba ana nyumba nyingine Kitale, hiyo ni habari ya wengine. Mama alikuwa anafanya kazi Lodwar na shirika la akina mama, wale wanaosaidia wanawake waliopigwa na waliofukuzwa, wanaenda nao polisi, wanakaa nao kortini. Halafu kule Kakuma mambo yakaharibika kati ya wanawake wetu wa Kiturkana na wanawake wakimbizi wa kambini. Kuni, maji, maneno. Mwanamke anapiga mwingine kwa mfereji, kesho wanaume wanakuja na fimbo, kesho kutwa ni mapanga. Shirika likasema amani ya huko lazima ianze na hao wanawake wenyewe, sio na wanaume wanaokuja mwisho. Mama akatumwa. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Akasema ni kwa muda kidogo.

Nimemaliza kidato cha nne na huo muda kidogo bado haujaisha.

Mimi sikuwahi kumwambia arudi. Hapo ndipo watu hawanielewi, lakini wangesoma shule yangu ya bweni wangenielewa. Tulikuwa tumechanganyika, sisi wa hapa na watoto wa wafanyakazi wa serikali waliotoka Kenya. Ata anaita hivyo kila mahali kupita Kitale, Kenya, kama vile sisi tuko nchi nyingine. Hao wasichana walikuwa wanatucheka. Ukimwambia mmoja "nipe biskuti," anapiga kelele bweni nzima isikie: "Mnaona? Waturkana na kuomba! Wanazaliwa mkono umenyooshwa!" Nikaapa mimi sitaomba mtu kitu. Sabuni ikiisha, naoga na maji. Nilikuwa najivunia hiyo. Mtu anayenipenda ataona mwenyewe, nilikuwa nasema, na nikamngoja Mama aone mwenyewe.

Sasa, likizo ile ndefu baada ya mtihani, nikaenda kukaa naye Kakuma. Nilikuwa na hamu mpaka sikulala vizuri. Nilifikiri tutapika pamoja, tutapiga stori, atanisuka. Nilikuta chumba kimoja cha mabati upande wa mjini, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, na Mama ambaye anatoka asubuhi na kurudi na miguu myeupe ya vumbi, anakunywa chai amesimama, simu inalia. Kichana changu kilikuwa kwa nywele zake. Meno mawili yamevunjika.

Nikaona nikimngoja hapo chumbani nitaoza, nikaanza kumfuata kazini.

Siku ya kwanza tu nikaingia kwa mkutano mkubwa. Akina mama wa kambi upande huu, akina mama wetu upande ule na shanga zao mpaka kidevuni, wote chini ya turubai moja na joto la kuchemsha yai. Wale wa kambi walikuwa na lalamiko moja wanalorudia kwa lugha zote. Kiarabu cha Juba, Kisomali, Kifaransa, mwisho wake ni huo huo: wanatuombaomba. Mtu anaingia nyumbani bila hodi, anakaa, anasema nipe unga, nipe sukari, nipe hiyo nguo uliyovaa. Mama mmoja Mkongomani, fundi wa kushona kitenge, ndiye aliongea kwa sauti kubwa zaidi.

"Miye nilikimbia bita, nikafika hapa na sufuria moya," akasema. "Ananiambia nimupe sufuria! Miye ni nani, bwana wa ghala?"

Watu wakacheka, lakini alikuwa ameudhika kabisa. Na chakula cha kambi kilikuwa kimepunguzwa mwezi huo, kila mtu alikuwa na njaa na hasira.

Basi wakakubaliana. Sheria ya amani: kuanzia leo, hakuna mtu kuomba mtu. Kuni zitauzwa, maji kila mtu atapanga mstari, kila mmoja na chake. Akina mama wetu wakasema sawa. Mimi nilipiga makofi kuliko mtu yeyote pale. Hatimaye, nilijiambia, hawa watu wetu wamepata adabu. Mama alipiga makofi pia, lakini polepole, na alikuwa anaangalia wale wetu jinsi wanavyokunja mikeka yao bila kuongea.

Hiyo sheria ilifuatwa. Hapo ndipo shida ilianza.

Zamani mwanamke wa kuni akishusha mzigo mlangoni kwa mtu, anaingia, anakaa kivulini, anaomba maji, anaomba chumvi, ananyimwa moja anapewa nyingine, anauliza mtoto amepona, anaenda. Sasa anashusha mzigo nje, anapokea pesa, anageuka. Wanapitana njiani kama malori ya kwenda Lokichoggio. Hata salamu ya "ejok" hakuna. Na kwa mfereji ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mtu ambaye hamjasemezana naye wiki nzima akikusukuma mtungi, unafikiri nini? Wiki ya tatu mama mmoja kijana wa Sudan Kusini alipasuliwa kichwa na mtungi uliojaa. Kesho yake mtu akachoma kuni za wanawake wetu zilizokuwa zimepangwa kando ya laga. Moshi wake tuliuona tukiwa chumbani. Mama aliweka kikombe chini, akatoka bila viatu.

Nilimfuata mpaka kwa mwanamke mmoja ambaye kuni zake ndizo zilichomwa. Mwanamke mrefu, mkavu, jino moja la chini limeng'olewa vile wazee wetu wanafanya, na kifuko cha tumbaku kinaning'inia shingoni katikati ya shanga. Alikuwa amekaa kando ya majivu, hata halii.

"Nani alichoma?" Mama akauliza.

"Sijui. Uliza sheria yako, mama wa ofisi."

"Sheria iliwasha moto?"

"Zamani mimi naingia kwa yule wa kushona," akasema kwa Kiswahili chake. "Nasema nipe unga. Yeye nasema hakuna. Mimi nacheka, natoka. Kesho naingia tena. Sasa nyinyi nasema usiombe. Sasa mimi na yeye ni nini? Mtu ukiacha kumuomba, umemzika."

Mama alikaa pale kwa majivu na sketi yake ya ofisi. Baadaye njiani akaniambia, kama anajisemea mwenyewe, "Mimi ni Mturkana nimezaliwa Kataboi, nimelelewa na samaki ya kuomba na maziwa ya kuomba. Nimekaa kwa semina mpaka nimesahau." Kisha akaanza kutembea haraka mpaka nikawa nakimbia.

Alienda moja kwa moja kwa yule fundi Mkongomani. Alimkuta kwa cherehani, kitenge cha bluu kimejaa mapajani.

"Amka," Mama akasema. "Twende ukaombe."

"Niombe nini, Prezida?" Ndivyo alivyokuwa anamwita Mama, Prezida, kwa utani. "Kwa nani?"

"Kwa yule wa kuni."

"Ule mama? Kuni yake imeunguzwa leo! Hana kitu hata moya! Miye nina haya, siwezi."

"Ndiyo maana. Hamjawahi kumuomba kitu hata siku moja. Anaona mnamhesabu kama mtu hana kitu."

"Lakini hana!"

"Ana tumbaku. Muombe tumbaku."

"Miye sivutake tumbaku!"

"Hata yeye havuti. Anatafuna. Amka."

Walienda. Mimi nyuma. Fundi alisimama mbele ya yule mwanamke, anashika kitambaa chake cha kichwa, anaangalia juu, anaangalia chini, kama mtoto wa nasari amesahau shairi. Mwisho akasema haraka sana, "Mama, unipe tumbako."

Yule mwanamke alimwangalia kutoka kichwa mpaka vidole vya miguu. Kifuko kiko hapo kifuani, kimejaa, kila mtu anakiona.

"Sina," akasema.

Fundi akageuka kwa Mama, macho makubwa. "Ananidanganya! Iko nayo, naiona na macho yangu!"

Na yule mwanamke wa kuni akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza sisi kumwona akicheka. Mama naye akaanza. Akamwambia fundi, "Vizuri sana. Umenyimwa. Sasa rudi kesho uombe tena."

"Hii ndiyo amani?" fundi akauliza. "Kweli? Ya kutukanana hivi?"

Alirudi kesho yake hata hivyo, kwa sababu ni mkaidi. Akanyimwa tena. Siku iliyofuata mwanamke wa kuni mwenyewe akaingia kwake bila hodi, akakaa chini kando ya cherehani, akanyoosha mkono akasema nipe hiyo bluu. Mama alikuwa amemfundisha fundi jibu. Fundi, kitenge kikiwa mapajani kwake mita nzima, akasema, "Sina." Akangoja apigwe. Hakupigwa. Mwanamke wa kuni alitikisa kichwa, akaridhika kabisa, akaomba maji, akapewa, wakaanza kusengenya mtu wa mfereji.

Polepole hivyo. Mama alitembea nyumba kwa nyumba akifundisha akina mama wa kambi kuomba, na kufundisha kunyima bila kukunja uso. Kichwa kilichopasuliwa kilishonwa, aliyepasua alipeleka mbuzi na maneno yake. Sisemi kwamba watu wote walipendana. Bado walisukumana. Lakini walisukumana wakijuana.

Mimi niliona hayo yote, na bado nilifikiri ni mambo yao.

Jioni moja Mama alirudi mapema. Akakaa kwa kitanda, akavua viatu, akaniambia bila kuniangalia, "Wanataka niende Lokichoggio. Kule mpaka wa Sudan Kusini. Wanawake wa huku na wa upande ule hawajaamkiana tangu mifugo iibiwe. Natakiwa nijibu Ijumaa."

Lokichoggio. Kutoka Lodwar, Kakuma ni mbali, na Loki ni kupita Kakuma. Kila kitu ndani yangu kilisema hapana. Nikasema, "Sawa."

"Sawa tu?"

"Si ni kazi. Nenda."

Aliendelea kuniangalia. Akachukua kichana changu, akachana nywele za mbele pole pole, akakisimamisha mahali pake. "Haya," akasema.

Nikachukua mtungi nikatoka, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na mimi silii mbele ya watu. Kwa njia ya mfereji nikakutana na fundi na mwanamke wa kuni wamekaa kwa kivuli kimoja cha mti wa mathenge, wanatafuna kitu. Mwanamke wa kuni akaangalia miguu yangu.

"Wewe, mtoto ya ofisi. Nipe hiyo ndara."

Sikuwa na moyo wa mchezo. Nikavua ndara zote mbili, nikaziweka mbele yake, nikaendelea kutembea. Mchanga ulikuwa bado moto. Nilikuwa sijafika mbali nikasikia ndara moja inanipiga mgongoni. Kisha ya pili.

"Ona huyu!" mwanamke wa kuni alikuwa anamwambia fundi, kwa sauti ya kunifikia. "Yeye nampa mtu kitu kama vile unatupia mbwa mfupa, iende mbali! Nani alifundisha huyu?"

"Shule," fundi akasema. "Ni shule ndiyo inafanyaka hivi."

"We msichana! Ungesema sina, ungekaa hapa na sisi!"

Nilisimama na mtungi mtupu. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe: chukua, chukua, chukua. Leso, chukua. Sweta, chukua. Na Mama kila Jumamosi anaanza tena na kitu kingine, kalamu, ndara, anabisha mlango mwingine, anabisha mwingine, na mimi namrushia kila kitu kupitia dirishani ili asiingie.

Sikuchota maji. Nilivaa ndara nikarudi nikikimbia, na nilipofika Mama alikuwa bado kitandani vile nilimwacha.

"Nipe kichana changu," nikasema.

Aligeuka. Kichana kilikuwa kwa kichwa chake, chekundu, kimesimama.

"Sina," akasema.

Nikacheka kwa nguvu, na yeye akacheka, na hapo katikati ya kucheka nikasema yote haraka kabla sijaogopa. "Basi nipe wewe. Usiende Loki. Rudi nyumbani Nawoitorong, ukae na sisi, unisuke, uchoke na sisi. Nataka wewe."

Mama aliacha kucheka. Aliweka mkono kwa nywele, akashika kichana kama ndicho nilichoomba. Nje mtu alikuwa anaita mbuzi.

"Hiyo," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "hiyo sina."

Nilikuwa najua atasema hivyo. Hata hivyo iliniuma kama mwiba wa mathenge, ule unaovunjikia ndani.

"Umekaa na hilo ombi tangu lini?" akauliza.

"Tangu kidato cha kwanza."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Ujue mwenyewe."

"Nilijua," Mama akasema. "Wewe ni mtoto wangu, sitajua? Nilikuwa nangoja uniombe. Kila nikija nakuomba kitu, nasema labda leo na yeye ataniomba. Unanipa tu. Narudi kwa gari na vitu vyako, najiambia huyu mtoto ameshamalizana na mimi."

"Ningeomba ungerudi?"

Alifikiri kweli. Mama hadanganyi akiulizwa vizuri. "Labda ningekunyima. Lakini ungeingia, ungekaa."

Alinivuta nikakaa. Akanisuka. Giza likaingia hajamaliza, mistari ya nyuma ikatoka imepinda, na sikuiondoa mpaka ilipoanza kufumuka yenyewe.

Ijumaa alisema ndiyo. Sasa yuko Lokichoggio, karibu na uwanja wa ndege ambao ndege zake zimepungua, anatembea kati ya wanawake wa pande mbili akiwaambia waombane tumbaku. Mimi niko hapa Nawoitorong na Ata, nangoja matokeo, nasaidia kuloweka majani ya mkoma ya vikapu. Kuna joto. Mto umekauka mpaka watu wanachimba mchanga. Kila gari linalopunguza mwendo barabarani, shingo yangu inageuka yenyewe, na Ata anasema nitavunjika.

Jumapili, ukipanda kale kamlima nyuma ya nyumba, mtandao unashika. Napiga. Sisalimii kwanza.

"Mama, rudi nyumbani."

"Sina," anasema. Halafu yeye anaomba kitu. Kichana kipya, hicho kingine kimeisha meno. Nami nasema sina, na ninacho mkononi, na tunaongea mpaka pesa ya simu inakatika. Nashuka mlima nikiwa na hamu kuliko nilivyopanda, lakini ni hamu ambayo imesemwa, ina mahali pa kukaa.

Jumapili iliyopita niliomba kama kawaida. Upepo ulikuwa mwingi upande wake. Nilingoja "sina." Haikuja. Nikasikia akipumua, na lori likipita karibu naye, na baadaye sauti yake ikarudi, ndogo.

"Eng'ol zimeiva huko?"

"Zimeiva."

"Niwekee," Mama akasema. "Usitume na mtu. Niwekee hapo hapo nyumbani."

Sikusema chukua. Nilisema nitaona. Kisha nikashuka mlima nikimkimbilia Ata, nikachukua ile fimbo ndefu, nikaenda kwa mikoma ya mtoni kuangusha.